Saa za mbio kwa sisi wa Arusha na Moshi: kupanda usiamini kasi, kushuka usiamini mapigo

Miguu_ya_Njiro (mwanzisha uzi)

Habari za leo wakuu. Tangu Alphonce Simbu achukue dhahabu ya marathoni kule Tokyo Septemba 2025, kwa sekunde 0.03 tu mbele ya Mjerumani, kikundi chetu cha alfajiri hapa Njiro kimepata wageni wengi. Karibu kila mgeni anaanza na swali lile lile: ninunue saa gani? Nimekuwa nikijibu mmoja mmoja, nikaona bora niandike hapa tusaidiane.

Sianzi na aina wala bei. Naanza na barabara zetu, maana ushauri mwingi wa mtandaoni umeandikwa na watu wanaokimbia tambarare, karibu na bahari. Arusha mjini tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kwa urefu huo hewa ina oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 15 ukilinganisha na Dar au Tanga. Moshi wako chini yetu, mita 800 na kitu, lakini joto lao la Februari mnalijua. Na kote kuwili ukitoka getini ama unapanda ama unashuka. Mtu akikwambia mbio zako nyepesi ni dakika 6 kwa kilomita, ukaing'ang'ania kasi hiyo mpaka kwenye mpando wa Ilboru, moyo wako utakuwa unashindana siku ambayo ratiba inasema ujinyooshe tu.

Kwa hiyo cha kwanza: ukiwa unapanda, ondoa kasi kwenye kioo cha saa. Acha mapigo ya moyo peke yake. Kama saa yako ina ile kasi iliyorekebishwa kwa mwinuko, yaani inakadiria ungekuwa unakwenda kasi gani kama pangekuwa tambarare, iweke hiyo. Nyingine zinakupa nguvu kwa wati, kama za waendesha baiskeli. Wati zina faida moja kubwa: zinabadilika mara tu unapoanza kupanda, wakati moyo unachelewa, pengine dakika nzima, kukuonyesha gharama ya kilima. Kwa vilima vifupi vya Sekei na Moshono, wati ni bora kuliko mapigo. Kwa mpando mrefu wa kwenda Mweka, mapigo yanatosha kabisa.

Ila kanda za mapigo zilizokuja na saa, yaani viwango vya mapigo kuanzia mbio nyepesi hadi ngumu, msizitumie kama zilivyo. Saa nyingi zinaanza na kanuni ya 220 toa umri. Kanuni hiyo inaweza kukosea kwa mapigo 10 na zaidi, juu au chini. Watu wawili wa miaka 40, mmoja kilele chake ni 168 na mwingine 194, wote wazima wa afya. Tafuteni kizingiti chenu wenyewe, yaani mapigo ya juu mnayoweza kuyashikilia kwa muda mrefu bila kukatika: pasha mwili vizuri, halafu kimbia dakika 30 kwa nguvu unazoweza kuzishikilia mpaka mwisho, kisha angalia wastani wa mapigo wa zile dakika 20 za mwisho. Hiyo namba iingizeni kwenye saa, kanda zitajipanga upya. Saa za kati na za juu zinaweza kukikadiria kizingiti hicho zenyewe, hasa ukivaa mkanda wa kifuani.

Nasisitiza hili kwa sababu kosa la wakimbiaji wetu wa mtaani siyo uvivu. Ni kwenda kasi ya kati kila siku. Mtafiti Stephen Seiler aliwafuatilia wanamichezo wa uvumilivu wa kiwango cha juu, akakuta karibu asilimia 80 ya mazoezi yao ni mepesi, mepesi kweli kweli, ya kuweza kupiga soga. Saa nzuri kwangu ni ile inayomlazimisha mtu kwenda taratibu siku ya kwenda taratibu.

Kushuka ni habari nyingine, nitaandika jioni.

Mangi_wa_Kibosho

Mkuu umenigusa. Mimi nakimbia Kili, yaani mbio za Kilimanjaro Marathon za Moshi, kila mwaka, nusu marathoni. Kwa wasioijua, nusu ya kwanza ni kupanda kuelekea Mweka, halafu unageuza unashuka mjini. Kupanda nimeshakuzoea, napanda kwa mapigo kama ulivyosema. Shida yangu ni saa. Nikimaliza kushuka mapigo yamekaa chini, saa inaniambia mzigo wa leo ni wa kawaida, kesho niko tayari kwa mazoezi magumu. Kesho yenyewe ngazi za nyumbani nashuka kinyumenyume nimeshika ukuta. Nani mkweli, saa au mapaja?

Miguu_ya_Njiro

Mangi, mapaja. Na hili ndilo lililonifanya nifungue uzi, sisubiri jioni.

Ukishuka, misuli ya mbele ya paja inafanya kazi ya breki za lori linaloteremka mlima. Inajikaza huku inavutwa irefuke, na mkazo wa namna hiyo ndio unaochana nyuzi za misuli kuliko mwingine wowote. Maumivu yake hayaji papo hapo, yanafika kileleni kati ya siku ya kwanza na ya tatu. Lakini kushuka hakuhitaji oksijeni nyingi, kwa hiyo moyo unatulia. Sasa saa nyingi zinakokotoa mzigo wa mazoezi kutokana na mapigo. Moyo ukitulia, saa inaandika umefanya kazi ndogo. Haijakosea hesabu, imepima kiungo kingine.

Ndiyo maana kipengele kilichonifurahisha kuliko vyote vya karibuni ni kile Garmin walichokileta mwaka 2025 kwenye Forerunner 970, cha kupima mzigo wa kishindo. Hakiangalii moyo. Kinakadiria kila mbio imeusulubu mwili kiasi gani ukilinganisha na mbio nyepesi za tambarare, hivyo kilomita 10 za kushuka kwa kasi zinaweza kuhesabiwa kuwa zaidi ya 10. Halafu kinakupa ukomo wa wiki kulingana na ulichozoea. Kwa mtu wa Amsterdam hicho ni kitu cha kupendeza tu. Kwa mtu wa Kibosho au Machame, ambaye kila akitoka lazima arudi kwa kupanda au kwa kushuka, ni kitu cha kuokoa magoti.

Saa hiyo ni ghali, najua. Usiinunue kwa sababu hiyo. Karibu kila saa yenye kipima mwinuko inaandika jumla ya mita ulizoshuka. Zitazame hizo mita kwa wiki, kama unavyotazama kilomita. Wiki ya mita nyingi za kushuka, kesho yake usifanye mazoezi ya kasi hata saa ikuwekee rangi ya kijani. Na jambo jema kuhusu misuli: ukishaishusha mara moja kwa kiasi, inajijenga, na safari ya pili ndani ya wiki chache inaumia kidogo sana. Kwa hiyo kabla ya Kili, wiki tatu au nne hivi, fanya mshuko mmoja mrefu kwa makusudi, halafu pumzika vizuri.

Kijana_wa_Sakina

Nafuatilia. Swali la mchanga: nikikimbia taratibu kabisa, naongea na mwenzangu bila shida, saa inasoma 176, 178. Nina miaka 24. Nina ugonjwa wa moyo?

Dada_wa_Tengeru

Mdogo wangu, mimi ni muuguzi na pia nakimbia. Kama unaongea bila kuhema, dalili ya kwanza ni kwamba saa inahesabu hatua zako badala ya moyo. Saa ya mkononi inamulika mwanga wa kijani kwenye ngozi na kusoma jinsi damu inavyopita. Mkono ukiyumba kwa mdundo mmoja, saa inachanganya ule mdundo na mapigo. Wakimbiaji wengi wanapiga hatua 165 hadi 180 kwa dakika, na namba yako iko humo humo.

Hakikisha hivi: simama ghafla, weka vidole viwili shingoni pembeni ya koo, hesabu sekunde 15, zidisha kwa 4. Ukipata 135 wakati saa inasema 178, moyo wako haujambo. Kisha ivae saa juu zaidi, upana wa vidole viwili kutoka kwenye mfupa wa kifundo, na uikaze kiasi wakati wa mbio. Ngozi nyeusi inameza mwanga wa kijani zaidi, kwa hiyo sisi kulegeza mkanda kunatuharibia kuliko wenzetu. Asubuhi za baridi za Juni na Julai nazo zinaharibu, damu inapungua mikononi. Mkanda wa kifuani unasoma umeme wa moyo wenyewe, haya yote yanaisha.

Ila ukihesabu kwa vidole ukapata kweli 178 kwenye mbio nyepesi, au ukahisi moyo unaruka-ruka, kizunguzungu, kifua kubana, acha kukimbia uende hospitali. Hilo halijibiwi na saa.

Kijana_wa_Sakina

Nimehesabu sasa hivi baada ya mbio, 140. Asante sana dada.

Mzee_wa_Kambi

Vijana wangu, nawasoma kwa furaha. Mimi nimekimbia enzi za akina Juma Ikangaa, mwaka ule wa 1989 aliposhinda marathoni ya New York kwa saa 2:08:01. Kambini kwetu hakukuwa na saa ya kusoma moyo. Kabla hatujanyanyuka kitandani mwalimu anapita, anatushika mshipa wa shingo mmoja mmoja na kuandika kwenye daftari. Ukizidi mapigo saba au nane kuliko kawaida yako, siku hiyo unatembea tu, hata ulie. Nauliza, hizi saa zinafanya tofauti gani na lile daftari?

Miguu_ya_Njiro

Shikamoo mzee wetu. Tumeheshimika kukuona hapa.

Lile daftari ndilo msingi wa vyote. Saa inalijaza usiku kucha badala ya asubuhi mara moja, na inaongeza kipimo kimoja ambacho vidole haviwezi: utofauti kati ya pigo na pigo, kile kinachoandikwa HRV. Moyo unaopiga mara 60 kwa dakika haupigi kila sekunde moja kamili. Pigo moja linakuja baada ya sekunde 0.95, lingine baada ya 1.06. Mwili ukiwa umepumzika, ule mshipa wa fahamu unaotuliza moyo unafanya kazi vizuri na utofauti unakuwa mkubwa. Ukichoka, ukianza kuugua, ukilala vibaya, unapungua. Mara nyingi unapungua kabla wewe hujahisi kitu.

Wakuu, hapa naomba tusome taratibu, kwa sababu kipimo hiki kinatumiwa vibaya kuliko vyote. Usilinganishe namba yako na ya mwenzako. Mmoja ana 35 na mwingine 95 na wote wanakimbia sawasawa, na namba inashuka kwa umri. Usitazame usiku mmoja pia. Saa za Garmin zinahitaji wiki kama tatu za kulala nayo kabla hazijajua kawaida yako, na baada ya hapo zinatazama wastani wa siku 7. Wastani ukitoka nje ya kawaida yako na mapigo ya kupumzika yakapanda pamoja nao, hayo mawili kwa pamoja, basi punguza. Ukiwa na kimoja tu, kimbia mbio nyepesi usikilize mwili.

Na kabla ya kulaumu mazoezi jiulize jana kulikuwa na nini. Sherehe ya harusi Uru, kibuyu cha mbege, kulala saa nane: HRV itaporomoka hata kama hujakimbia wiki nzima. Mwezi wa Ramadhani, kula daku usiku wa manane kunapandisha mapigo ya usingizini. Na huku kwetu, mapigo yakipanda siku mbili tatu bila sababu, halafu mwili ukawa mzito, nenda ukapime malaria. Usisubiri homa ikulaze.

Mzee_wa_Kambi

Marahaba kijana. Nimeelewa. Daftari linaandikwa mtu akiwa amelala.

Dada_wa_Tengeru

Naongeza kwa akina dada, maana kwenye nyuzi za mbio hatutajwi. Baada ya yai kutoka mpaka kabla ya hedhi, joto la mwili linapanda kama nusu nyuzi au chini kidogo, mapigo ya kupumzika yanapanda mawili matatu, na HRV inashuka. Ni kawaida kabisa, hujachoka kupita kiasi. Saa ikikupa onyo kila mwezi siku zile zile, ingiza mzunguko wako kwenye programu yake, na ulinganishe wiki hii na wiki kama hiyo ya mwezi uliopita. Saa zenye kupima joto la ngozi usiku zinasaidia hapa. Na hedhi ikikata miezi mitatu mfululizo wakati unaongeza kilomita na huna mimba, mara nyingi mwili haupati chakula cha kutosha. Ongea na daktari, mifupa iko hatarini.

Guide_Marangu

Hoja nzuri. Mimi ni wa mlimani, napandisha wageni. Wengi wanakuja na saa zinazopima oksijeni, wakifika kambi ya Kibo wanaanza kubishana na sisi: saa yangu inasema 88, niko sawa, twende. Mnasemaje?

Dada_wa_Tengeru

Kaka, usimruhusu mgeni akubishie kwa saa. Kipimo cha mkononi kinahitaji mkono utulie na uwe na joto, na kambi ya Kibo iko mita 4,700, hakuna mkono wenye joto. Hata vile vya kidoleni vya hospitali vimeonekana kusoma juu kuliko ukweli kwa baadhi ya wagonjwa wenye ngozi nyeusi. Uamuzi ni dalili: kichwa kuuma, kutapika, kuyumba anapotembea kwenye mstari mnyoofu, kuchanganyikiwa, kikohozi chenye povu. Anayeyumba au kuchanganyikiwa anashushwa usiku huo huo, saa isome 88 au 95.

Guide_Marangu

Nitaupiga picha huu ujumbe.

Mtanga_Arusha

Nimehamia Arusha kikazi kutoka Tanga mwezi uliopita. Saa imenishusha ile VO2 max, kiasi cha juu cha oksijeni ambacho mwili unaweza kutumia, na kuniandikia kwamba mazoezi yangu hayazai matunda. Nimekata tamaa kidogo.

Miguu_ya_Njiro

Usikate tamaa mkuu. Ile namba saa haijaipima, imeikadiria kwa kulinganisha kasi yako na mapigo yako. Umepanda mita 1,400, kasi ile ile sasa inadai mapigo zaidi, saa inaona umedhoofika. Saa nyingi za Garmin zinafanya marekebisho kwa urefu unaozidi mita 800 na joto linalozidi nyuzi 22. Angalia hizo namba mbili: Arusha imo kwenye ya kwanza, na Moshi Februari imo kwenye zote mbili. Lakini habari za joto saa inazipata kwa simu yako. Ukikimbia bila simu na bila kuiunganisha kabla, haina habari za joto hilo, na wewe unaiva juani pale Majengo. Unganisha kabla ya kutoka. Na ukimbie na GPS imewashwa, bila hivyo marekebisho ya joto hayafanyiki.

Kuzoea huu urefu kunachukua wiki tatu hivi. Kimbia kwa mapigo uliyoyazoea Tanga, kasi itajirudi yenyewe, siyo yote lakini nyingi. Ukirudi Tanga likizo utajishangaa, ila siku za mwanzo joto na unyevu vitakukumbusha kwenda pole.

Fundi_Kijenge

Mimi nina mtazamo tofauti. Mtu hana viatu vya maana mnamshauri saa ya mamilioni. Kipima mapigo cha kifuani kisicho na waya kipo tangu Polar ya Finland ilipokitoa mwaka 1982. Mkanda wa kifuani na simu ya kawaida vinafanya asilimia kubwa ya mliyoyasema.

Miguu_ya_Njiro

Sipingi hata kidogo. Viatu kwanza, mkanda wa pili, saa ya tatu. Ila simu haitakwambia ulivyolala, na kwa mtu anayefanya kazi ya kusimama kutwa halafu anajiandaa kwa kilomita 42, usingizi ndio unaoamua kila kitu.

Anayenunua mtumba aangalie haya. Muuzaji aiondoe kwenye akaunti yake mbele yako, na wewe uiunganishe na simu yako kabla hujatoa hela. Tazama taa za nyuma uone kama kioo chake hakijakwaruzwa. Iwashe GPS dakika 20 uone betri imeshuka kiasi gani. Na waya wa kuchajia uwe wenyewe, maana saa nyingi zina waya wa aina yake na kuupata Arusha ni kazi. Zile satelaiti za masafa mawili, yaani GPS inayopokea mawimbi ya aina mbili, msizilipie kama mnakimbia barabara ya Kisongo, mbingu iko wazi, saa yoyote inatosha. Ni kwa wale wa chini ya miti, mashamba ya kahawa na msitu wa Rau, ambako mawimbi yanagonga majani na kuipotosha njia.

Mangi_wa_Kibosho

Swali la mwisho kutoka kwangu. Jamaa yangu alikimbia marathoni nzima, saa ikasoma 42.7, anadai waandaaji wamezidisha njia. Na mimi kwenye uwanja saa inanipa mita 430 kwa mzunguko.

Miguu_ya_Njiro

Njia za marathoni zinapimwa kwenye mstari mfupi kabisa unaowezekana, kwa kukata kona, na wapimaji wanaongeza mita 1 kwa kila mita 1,000 ili isije ikapungua. Jamaa yako amekimbia kona kwa nje, amewapita watu, amefuata meza za maji, na GPS nayo imeyumba kidogo. 42.7 ni kawaida. Kwenye mbio bonyeza kitufe cha mzunguko mwenyewe kila unapopita bango la kilomita, usiisubiri saa.

Uwanjani tafuta kwenye saa mchezo ulioandikwa kukimbia uwanjani, siyo ule wa barabarani. Chagua mstari unaokimbilia, piga mizunguko michache ijifunze uwanja, itakupa 400. Ukihama mstari uiambie, maana mstari wa 8 unazidi wa kwanza kwa zaidi ya mita 50.